Mashine Iliyokuwa Ikifa Kila Mchana

Asilimia arobaini na moja.

Nilikuwa kibandani kwangu, nimeinamia meza, naangalia namba zikipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na gunia kichwani.

Kinyozi wa mlango wa pili akachungulia, mashine ya kunyolea bado iko mkononi.

"Fundi, mgonjwa amefariki tena?"

"Amefariki."

"Na wewe unamfufua tena?"

"Namfufua."

"Basi ukimaliza huyo, nikuletee na simu yangu uiwekee mikono." Akacheka peke yake, akarudi kwa mteja wake aliyebaki na nusu ya nywele.

Mimi sikucheka. Mgonjwa mwenyewe alikuwa bodi ndogo ya kompyuta, ile inayokaa kiganjani. Haina skrini wala vitufe vya kuandikia. Ni bodi tupu wanayonunua watu wanaopenda kuunda vitu vyao wenyewe, na haina akili yoyote mpaka uipakie mfumo endeshi kwenye memori kadi, uichomeke, uiwashe.

Taa nyekundu ikiwaka, maana yake umeme upo.

Ya kijani ikipepesa, maana yake mfumo umeamka.

Kila asubuhi nilikuwa naiacha nyumbani inapepesa kijani. Kila jioni nikirudi naikuta nyekundu inawaka na kijani kimya. Imekufa. Nafungua kadi, nakuta mfumo umevurugika, mafaili hayasomeki. Napakia upya. Kesho yake inakufa tena.

Wenzangu, nimetengeneza vitu vingi. Sikuwahi kuona kitu kinachokufa kwa ratiba.

Ngoja niwaeleze ilikuwa ya nini, maana bila hilo hamtanielewa.

Baba mkwe wangu alipigwa kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na sauti ikaondoka. Kilichobaki ni macho na mkono wa kushoto. Huyu ni mzee aliyekuwa msimamizi wa ghala, mtu ambaye akikohoa mlangoni watoto walikuwa wanaacha kutafuna. Leo akitaka maji anaangalia ukuta.

Tukampeleka hospitali kwa sababu alikuwa anazubaa. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, akavuta ngozi ya mkono wake. Ngozi ikabaki imesimama.

"Huyu hanywi maji."

"Tunampa, daktari."

"Mnampa mnapokumbuka. Kiu yeye ndiye anaijua. Figo zimeanza kuchoka. Mkimrudisha hapa akiwa hivi tena, sitawadanganya, sidhani atatoka."

Maneno hayo yalinikaa kifuani. Sikwenda chuo chochote. Umeme nilijifundisha kwa kufungua redio mbovu, na hizi bodi nilijifundisha kwa kusoma mtandaoni na kukosea. Nikasema, nitamtengenezea mzee mdomo.

Nikachukua sinia la plastiki, nikafunga vitufe vikubwa vitano. Maji. Choo. Naumwa. Nigeuze. Njooni. Akibonyeza, spika inasema.

Sauti sikutaka ya roboti. Nilimwomba mume wangu arekodi.

Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Tukajifunika shuka sebuleni kuzuia kelele, tukicheka kama watoto.

"Sema, nataka maji," nikamwambia.

"Hapana. Weka, naomba maji. Ndiyo adabu."

Akairudia mara nyingi sana hiyo moja. Zile nyingine alizisema mara moja tu, zikatosha. Hii ya maji aliilegeza, akaipandisha, akaishusha, mpaka ikatoka nyororo kabisa, sauti ya mtu mdogo mbele ya mtu mkubwa.

"Hiyo hapo," akasema. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Nikajiambia, nimepata mume anayempenda baba yake.

Siku ya kwanza mzee alipobonyeza na spika ikasema "Naomba maji," alishtuka, akautazama mkono wake kama si wake. Nikamletea glasi. Akanywa yote. Akabonyeza tena, nikamletea tena. Nililia jikoni, sisemi uongo.

Kisha ndipo mashine ikaanza kufa.

Mimi ni mtu wa taratibu. Sibadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja. Nilibadilisha chaja, ikafa. Nikabadilisha kadi, nikaweka mpya kutoka kwenye pakiti, ikafa. Nikaifungia feni, nikidhani ni joto, ikafa na feni yake inazunguka. Nikaipeleka kibandani, nikaiwasha asubuhi mpaka nafunga. Mzima wa afya.

Basi ugonjwa haukuwa kwenye bodi. Ulikuwa nyumbani kwangu.

Nyumbani mchana kulikuwa na watu wawili tu, kwa kupokezana. Asubuhi alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Ni mshonaji. Alikuwa anakuja na cherehani yake, anashona sebuleni huku anamwangalia baba yake. Mume wangu anafanya zamu ya asubuhi kiwandani. Akirudi mchana, wifi anafunga cherehani, anaondoka.

Nikamuuliza mume wangu.

"Nikifika naikuta imeshakufa," akasema, akivua viatu. "Fundi wangu, mimi sipendi kumsema ndugu yangu. Ila dada hajawahi kupenda baba aongee."

Nikamuuliza wifi.

"Nikiondoka inapepesa kijani chake kama kawaida," akasema. Sindano iko mdomoni, hata hakuitoa.

Mmoja wao alikuwa anadanganya. Na kama mngemjua wifi yangu, mngejua nilimnyooshea nani kidole.

Huyu alikuwa na ulimi, jamani. Siku nilipofunga ile mashine alisimama mlangoni, akaniangalia toka juu mpaka chini. "Wenzako wamebeba watoto mgongoni, wewe umebeba bodi. Haya, inyonyeshe."

Nikaendelea kufunga waya. Nimeuzoea ulimi wake. Lakini mashine ilipokufa na kadi mpya, nilishindwa.

"Wifi, unaichomoa?"

"Naichomoa niipeleke wapi?"

"Huyu ni baba yako. Asipoomba maji atakufa."

Cherehani ikasimama. Akatoa sindano mdomoni.

"Wifi, wewe umeolewa kwenye nyumba hii. Mimi nimezaliwa humo. Usinifundishe baba yangu ni nani." Akakanyaga tena cherehani, kwa nguvu, mpaka nikashindwa kusikia mawazo yangu.

Nikaamua kutobishana na mtu. Ningebishana na tatizo.

Mfumo kwenye kadi hufa hivi: ukikata umeme wakati unaandika kitu, unaukatiza katikati ya sentensi. Ukifanya hivyo mara nyingi mfululizo, washa, zima, washa, zima, wakati taa ya kijani inahangaika, siku moja hauamki tena. Kwa hiyo nikaupakia kwa namna nyingine, wa kusomwa tu, usioandika chochote. Huo hata ukate umeme kutwa nzima haufi. Nikaweka betri ndani ya boksi. Nikafunga boksi kwa skrubu. Na kwenye waya palikuwa na swichi ndogo niliyokuwa nimeiweka mwenyewe, karibu na godoro. Nikaikata, nikaunga waya moja kwa moja.

Ndiyo hiyo niliyokuwa naipakia siku ile kinyozi anachungulia. Ilipofika mia nikaibeba nyumbani mbio.

Nikaifunga mbele ya wote. Mume wangu amesimama mlangoni, wifi anakunja vitambaa vyake.

"Sasa hii haifi," nikasema. Naomba mnisamehe, nilikuwa na majivuno. "Achomoe anayetaka kuchomoa."

Mzee akanyoosha mkono wake wa kushoto. Akapapasa waya. Akashuka nao taratibu kwa vidole, mpaka pale swichi ilipokuwa. Akapapasa tena pale pale. Kisha akageuza macho akaniangalia, na chozi likashuka likaingia sikioni.

Nikadhani ni furaha.

"Umeona, baba?" mume wangu akasema. "Utaongea mpaka uchoke mwenyewe."

Wifi alikuwa ameacha kukunja. "Swichi umeitoa?" akaniuliza, sauti ya chini kabisa.

"Nimeitoa."

Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, na ulimi wake wote ule.

Nikajiambia, si huyo hapo. Ameshikwa.

Mashine haikufa tena. Nilikuwa narudi jioni, kijani kinapepesa kama kimulimuli, na mimi natembea kifua mbele. Kinyozi akanipongeza, akasema sasa anaamini miujiza.

Lakini mzee alikuwa anakauka.

Midomo ilipasuka. Mkono wa kushoto alianza kuuficha chini ya blanketi, ukiutoa anaurudisha. Nikimpelekea glasi, anafumba meno. Na tangu nifunge ule mfumo mpya sikumwona akigusa kitufe hata kimoja mbele yangu.

Nikamwambia wifi amnyweshe kwa kijiko, ajaribu kila saa.

"Nimejaribu. Ananitemea." Akanitazama, na safari hii hapakuwa na dharau. "Mashine yako imepona, wifi. Sasa anayekufa ni mwingine."

"Kama kuna kitu unakijua, niambie."

"Wa kumsema ni kaka yangu, siwezi. Rudi nyumbani mapema siku moja. Basi."

Sikurudi kesho yake. Wala keshokutwa. Najua mtaniuliza kwa nini. Nadhani moyo ulishajua, ukawa unanitafutia kazi za kufanya.

Kisha umeme ukakatika mtaa mzima, kibanda kikawa giza, nikakosa kisingizio.

Nilifungua mlango wa nyuma polepole, si kwa kunyemelea, ndivyo ninavyofungua milango. Nikiwa koridoni nikasikia sauti ya mume wangu.

"Naomba maji."

Kisha nikasikia sauti ya mume wangu ikijibu.

"Maji gani?"

"Naomba maji."

"Nimekusikia. Tafadhali iko wapi?"

"Naomba maji."

"Si hivyo. Simama vizuri. Anza upya."

Nilidhani mume wangu amepatwa na kichaa, anajiomba maji na kujinyima mwenyewe. Sauti ile ile, moja nyororo, ndogo. Nyingine baridi kama bati.

Nikasogea mpaka mlangoni.

Glasi ilikuwa dirishani. Imejaa, imewekwa pale ambapo mtu aliyelala anaiona vizuri na hawezi kuifikia. Mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda. Ameshika kidole cha baba yake, kama unavyomshika mtoto kumfundisha kuandika, anakibonyeza kwenye kitufe.

"Naomba maji," spika ikasema.

"Wenye adabu ndio wanaokunywa," mume wangu akajibu. "Wewe tutakutazama kwanza."

Na mkono ule wa mzee, kila ukiachiwa, ulikuwa unakimbilia kwenye waya. Unapapasa. Unatafuta swichi.

Hapo ndipo nikaelewa yote kwa mpigo.

Hakuna mtu aliyekuwa anahujumu mashine yangu. Mzee ndiye aliyekuwa anaiua. Kwa mkono mmoja, bila kufundishwa na mtu, alishagundua kwamba ukiiwasha na kuizima haraka haraka wakati kijani kinahangaika, inanyamaza mpaka kesho. Ilikuwa njia yake pekee ya kumnyamazisha mwanawe.

Na mimi, fundi, mtu wa taratibu, nilikuwa naifufua kila jioni. Nikaona haitoshi, nikamnyang'anya na swichi, akabaki na meno tu ya kukatalia.

"Mpe maji," nikasema.

Mume wangu hakuruka. Hakushtuka hata kidogo. Aligeuka taratibu, akaachia kile kidole.

"Umerudi mapema."

"Mpe maji."

"Anayo. Yapo hapo. Kila siku nampa mwishoni. Mimi simpigi, mke wangu. Sijawahi kumgusa. Muulize yeye alikuwa anatugusa na nini."

Nikaenda dirishani, nikachukua glasi. Yeye akaendelea kuongea, taratibu, kama anayesimulia habari za mtu mwingine.

"Tulikuwa tunasimama mezani, mimi na dada. Yeye anakula. Ukitaka maji unaomba. Ukiomba anakuuliza, maji gani. Unaomba tena. Sauti ikiwa kubwa, anasema una kiburi. Ikiwa ndogo, hakusikii. Dada aliwahi kuanguka pale pale. Akasema mwacheni, amelala."

"Kwa hiyo unalipiza."

"Mtenda akitendewa," akasema. "Malizia mwenyewe."

"Na ile sauti uliyonirekodia?"

Akatabasamu. Hilo tabasamu sitalisahau, maana lilikuwa la mtoto kabisa.

"Ilikuwa yangu. Nilikuwa nahangaika kuikumbuka ilivyokuwa. Ukanisaidia kuipata. Nilitaka aisikie ikitoka kwake."

Nikamwinua mzee kichwa. Safari hii hakufumba meno. Alikunywa kwa kelele, maji mengine yakimwagika kifuani, macho hayatoki kwa mwanawe.

Nilimtuma mtoto wa jirani akamwite wifi. Alikuja, akatusoma nyuso, akakaa chini kwenye sakafu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ungeniamini? Mimi mwenye mdomo huu?" Akashusha pumzi. "Halafu, wifi, nisikudanganye. Mara ya kwanza niliposikia, siku niliyorudia mkasi niliousahau, nilirudi kwangu nikalala usingizi mzuri. Ya pili ndiyo iliyonishinda."

Nikafungua boksi, skrubu baada ya skrubu. Nikatoa kadi, nikaichomeka kwenye simu yangu. Sauti ya mume wangu nikaifuta yote, mbele yake, naye alikuwa anaangalia kama anayetazama nyumba ya jirani ikiungua.

"Nipe sauti yako," nikamwambia wifi.

"Yangu usiweke! Mimi nijisikie naomba maji kwenye chumba hiki? Bora unikate ulimi." Na alikuwa hatanii.

Basi itakuwa yangu. Mimi peke yangu ndiye ambaye sikuwahi kumwomba mzee huyu kitu.

Nikakaa pale mume wangu alipokuwa amekaa. Nikaweka kiganja changu chini ya mkono wa mzee.

"Baba, mashine nitaipakia upya, na swichi nitairudisha, uwe unaizima mwenyewe ukichoka. Ila safari hii maneno unachagua wewe. Nikitaja unalolitaka, nibane. Usilolitaka, niachie. Sawa?"

Akabana.

"Maji?"

Akabana.

"Choo?"

Akabana.

"Naumwa?"

Akabana.

"Toka?"

Akabana kwa nguvu mpaka wifi akacheka, kicheko kilichomtoka bila yeye kutaka, akajifunika mdomo.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hajaondoka. Mtu mzima, ndevu zimeanza kuota mvi, amesimama wima mikono imenyooka mapajani, kama anayesubiri kuitwa mezani. Nikajua anasubiri nini. Na nafikiri mzee pia alijua, maana alimtazama.

Kilibaki kitufe kimoja.

"Baba," nikasema, "nikuwekee, nisameheni?"

Wifi aliinua uso. Mume wangu alivuta pumzi, hakuitoa.

Mzee alimwangalia mwanawe. Akamwangalia binti yake. Akili zake zilikuwa timamu kabisa, msije mkanambia ni ugonjwa.

Kisha akauondoa mkono wake kiganjani mwangu, akauingiza chini ya blanketi.

Mume wangu akatoa pumzi. "Umeona sasa," akasema, wala si kwangu. Akavaa viatu, akatoka, mlango akaufunga taratibu.

Mtaniuliza nani alikuwa mkatili zaidi humo ndani. Sijui. Mimi si hakimu, mimi natengeneza vitu. Ila nimejifunza jambo moja, nawaachia na ninyi: ukikuta kitu kinaharibika kila siku, usikimbilie kukitengeneza. Mtafute kwanza anayekiharibu, umuulize kinamuumiza wapi. Kuna vitu havina ubovu wowote. Vinavunjwa na mtu anayejiokoa.

Umeme ulirudi jioni. Nikachomeka kadi, nikaanzisha kupakia mfumo mpya. Wifi alisema atalala hapo hapo, akatandika kanga sakafuni pembeni ya kitanda, glasi na jagi kando yake. Kila baada ya muda alikuwa anainuka kumnywesha, bila kuombwa, bila neno.

Asilimia kumi na mbili.

Vitufe vinne nimeshavifunga. Cha tano kiko wazi, nyaya zake mbili zimening'inia, sijui nikiandike nini.

Sauti nitarekodi kesho. Leo koo limekauka.